Kituo cha Lodwar: Mwili wa Msafiri Katika Barabara ya Jangwani

Barabara ya A1 itokapo Kitale, magharibi mwa Kenya, huanza safari yake katika nchi ya mahindi, ng'ombe wa maziwa na ukungu wa asubuhi. Hupita Kapenguria, ikateremka kwa mizunguko mingi hadi Marich, ikavuka Kainuk na Lokichar, kisha ikaingia Lodwar, makao makuu ya kaunti ya Turkana. Kitale imekaa mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Lodwar mita 500 hivi. Kwa hiyo katika mwendo wa takriban kilomita 300 msafiri huwa ameshuka mita 1,400, na sweta aliyoivaa alfajiri imegeuka mto wa kuegemezea kichwa dirishani.

Lodwar ni mji wa nusu jangwa. Mvua yake ya mwaka mzima ni takriban milimita 200, na joto la mchana hufikia digrii 35 karibu mwezi hadi mwezi. Miti ya mwarobaini hutoa kivuli mbele ya maduka, wanawake huuza vikapu vya majani ya mkoma, na hoteli za kando ya barabara hazikosi chai, chapati, nyama ya mbuzi na samaki wa Ziwa Turkana. Serikali ya kikoloni iliona joto na umbali wa mahali hapa kuwa ukuta wa gereza: Jomo Kenyatta alihamishiwa Lodwar kutoka Lokitaung mwaka 1959, akazuiliwa hapo hadi mwaka 1961 alipopelekwa Maralal.

Leo wanaofika Lodwar huja kwa hiari, na wengi hawakusudii kukaa. Madereva wa malori huelekea Lokichoggio na Sudan Kusini. Mabasi hubeba wafanyabiashara, walimu, wauguzi na familia ziendazo Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Upande wa pili huja wagonjwa waliopewa rufaa kwenda kusini, hadi Eldoret. Wote hao husimama Lodwar kwa muda mfupi, pengine nusu saa, pengine usiku mmoja. Namna wanavyoitumia nusu saa hiyo ina uzito kiafya kuliko wengi wao wanavyodhani.

Mtungi na jasho

Kila nyumba ya pwani na bara iliyowahi kuweka mtungi wa udongo inaijua siri ya jangwa. Maji hupenya polepole kwenye vinyweleo vya udongo, yakakauka upande wa nje, na kila tone likaukalo huondoka na joto kidogo. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi hata pasipo umeme. Mwili wa binadamu hufanya vivyo hivyo. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto la takriban kilokalori 580, ilhali mwili wa mtu mzima aliyetulia huzalisha kilokalori 70 hadi 100 kwa saa.

Kwa mtu aliye kivulini bila kazi, mpango huo hutosha. Taabu huanza pale hewa inapokuwa na joto kuliko ngozi. Ngozi huwa na digrii 35 hivi. Hewa ikizidi hapo, mwili haupotezi tena joto kwa hewa bali hulipokea kutoka hewani, na jasho hubaki kuwa njia pekee ya kupoa. Upepo uingiao dirishani kwenye basi liendalo kasi humpa abiria faraja, lakini hewa ikishapita digrii 40 upepo huo, kama wa feni, waweza kumwongezea joto asipolowanisha ngozi au nguo.

Jangwa lina hila nyingine. Katika hewa kavu jasho hukauka mara tu litokapo. Abiria atokaye Mombasa au Dar es Salaam amezoea kujua kuwa anatoka jasho kwa sababu shati limemshika mgongoni. Njiani kuelekea Lodwar shati hubaki kavu, naye hudhani hapotezi maji. Dalili zake huonekana mahali pengine: mkojo mchache wenye rangi ya chai, midomo mikavu, kichwa kizito, kizunguzungu anaposimama ghafla kushuka garini.

Kwa nini abiria hawanywi

Wasafiri wengi hupungukiwa maji ilhali chupa imo mkobani. Hawanywi kwa sababu hawajui gari litasimama wapi. Abiria wa mabasi ya Tanzania wana jina la adabu kwa kushuka kichakani kujisaidia: kuchimba dawa. Mwanamume hushuka akamaliza kwa dakika moja; mwanamke, mzee na mtoto hutafuta kichaka, na katika tambarare la Turkana vichaka ni haba. Kipande cha barabara kati ya Kainuk na Lokichar, zaidi ya hayo, kimejulikana kwa miaka mingi kwa mashambulizi ya majambazi, na madereva hawapendi kusimama hapo. Mwanamke mwenye busara huamua kutokunywa kabisa tangu Kitale.

Uamuzi huo unaeleweka, lakini una gharama. Mkojo uliozuiliwa kwa saa nyingi na maji kidogo mwilini huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana katika kibofu. Kwa mjamzito, maambukizi ya njia ya mkojo yaweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa mwenye selimundu, upungufu wa maji ni miongoni mwa mambo yanayoanzisha maumivu makali ya mifupa. Kwa mzee, ambaye hisi yake ya kiu imefifia, figo zaweza kudhurika kabla hajatambua kuwa ana kiu.

Dawa ya hayo iko mikononi mwa wenye mabasi na halmashauri za miji. Abiria wakitangaziwa mapema mahali basi litakaposimama, na choo cha mahali hapo kikawa safi chenye mlango unaofungika, watakunywa maji. Choo cha stendi ni huduma ya afya, hata kama hakimo katika bajeti ya hospitali.

Anayefika Lodwar akiwa mkavu asinywe lita mbili kwa mkupuo. Anywe kidogo kidogo, ale chakula chenye chumvi, na kama ametapika, ameharisha au ametoka jasho kutwa nzima, atumie ORS. Pasipo pakiti, mchanganyiko wa nyumbani hufaa: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Maji matupu mengi mno kwa muda mfupi hupunguza chumvi katika damu, nayo yaweza kuleta degedege. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji hata jangwani. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama yake ndiye aongezewe maji.

Mtoto huyo asiachwe garini wakati wazazi wanakula. Gari lililofungwa juani hupanda takriban digrii 10 katika dakika 10 za kwanza, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana.

Anapoanza kusema maneno yasiyoeleweka

Uchovu wa joto humfanya mtu adhoofike, aumwe kichwa na kuhisi kichefuchefu, lakini akili yake hubaki timamu. Akipumzishwa kivulini, akapepewa na kunyweshwa, hupata nafuu. Kiharusi cha joto ni kitu kingine. Joto la ndani ya mwili hufikia digrii 40 au zaidi, na ubongo huanza kushindwa: mgonjwa huchanganyikiwa, hupepesuka, hugombana na watu, hupata degedege au huzimia. Huo ni wakati wa kuokoa maisha.

Katika stendi, mtu wa namna hiyo huhesabiwa haraka kuwa mlevi. Katika zahanati huhesabiwa haraka kuwa na malaria kali. Makosa yote mawili yanaweza kumuua, kwa kuwa kila dakika ubongo unapokaa katika joto hilo huongeza madhara. Wahudumu wa afya wengi walifundishwa pia kwamba ngozi ya mgonjwa wa kiharusi cha joto lazima iwe kavu. Sivyo, utingo aliyekuwa akipakua mizigo juani aweza kuanguka huku jasho likimtiririka. Kinachotofautisha ni joto la mwili na hali ya akili.

Kanuni inayokubalika sasa ni fupi: poza kwanza, safirisha baadaye. Mgonjwa atolewe juani na kuvuliwa nguo za ziada. Kama lipo pipa au karai kubwa la maji, azamishwe mwili huku kichwa kikishikiliwa juu ya maji. Kama halipo, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe bila kukoma, kwa feni, kanga au kipande cha boksi. Hewa kavu ya jangwani, ambayo ndiyo iliyomwibia maji, sasa humsaidia kwa kuyakausha upesi. Barafu ya duka la soda iwekwe shingoni, makwapani na kwenye kinena. Lengo ni kushusha joto chini ya digrii 40 ndani ya nusu saa.

Kituoni, joto lipimwe kwa njia ya haja kubwa, kwa maana kipimajoto cha kwapani hudanganya hasa baada ya mgonjwa kumwagiwa maji. Njia ya hewa ilindwe, sukari ya damu ipimwe, na kipimo cha haraka cha malaria kifanyike, lakini lolote kati ya hayo lisisimamishe upoozaji. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe kitu, asije akapaliwa. Parasetamoli haina kazi hapa: homa ya malaria hutokana na ubongo kupandisha kiwango chake cha joto, na dawa hukirudisha, katika kiharusi cha joto kiwango hakikupanda, bali mwili umeshindwa kutoa joto, na dawa hiyo huongeza tu mzigo kwa ini. Upoozaji usimamishwe joto likifika digrii 39 hivi, mgonjwa asije akapoa kupita kiasi, ndipo apelekwe hospitalini hata kama amezinduka, maana figo, ini na mgando wa damu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Dawa zilizomo mkobani

Mgonjwa wa kisukari anayesafiri kwenda kaskazini hubeba hofu mbili: ya sukari na ya insulini kuharibika. Chupa ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa kati ya digrii 2 na 8. Iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida huruhusiwa kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki 4, isipite digrii 25 au 30 kwa kadiri ya maelezo ya mtengenezaji. Watu wasio na jokofu wameambiwa kwa miaka mingi kwamba hawawezi kujidunga nyumbani, na baadhi yao wakalazimika kwenda hospitali kila siku.

Mwaka 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha uchunguzi uliotumia vipimo vya joto kutoka kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako joto la nyumbani lilipanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Insulini iliyowekwa maabara katika hali hiyo kwa wiki 4 ilihifadhi nguvu yake. Jambo hilo haliruhusu kuacha insulini juani, wala juu ya dashibodi ya gari, ambako joto hupita mbali digrii 37. Linaonyesha kwamba chombo cha udongo chenye mchanga uliolowanishwa, ndugu wa mtungi uleule, kinaweza kumpa mgonjwa nafasi ya kutunza dawa yake nyumbani. Safarini, chupa ifungwe katika kitambaa chenye unyevu, ikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiwekwe kwenye buti wala isigusane na barafu, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena.

Zipo dawa ambazo zenyewe haziharibiki lakini humpunguzia mwili uwezo wa kuhimili joto. Dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo hupunguza maji. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huzuia jasho au huvuruga udhibiti wa joto. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Aliye na safari ndefu amweleze mtoa huduma kabla ya kuondoka, na mtoa huduma azoee kuuliza.

Miguu iliyotulia na macho yaliyokesha

Mradi wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usafiri, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kukaa safarini kwa saa 4 au zaidi huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya vena, iwe kwa ndege, basi, gari au treni. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo, mmoja kati ya watu 6,000 hivi. Hupanda kwa mjamzito na aliyejifungua karibuni, kwa aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na aliyewahi kuganda damu. Anayesafiri baada ya kulazwa yuko humo. Kushuka na kutembea dakika 10 Lodwar, na kukunja na kukunjua vifundo vya miguu kitini, ni kinga isiyo na bei. Mguu mmoja ukivimba na kuuma siku au wiki kadhaa baadaye, au pumzi zikikata ghafla, safari hiyo itajwe kwa daktari.

Hatari iliyo kubwa zaidi barabarani ni dereva mwenye usingizi. Majaribio yaliyofanyika Australia yalionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda polepole sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mabasi mengi ya kaskazini husafiri usiku ili kukwepa joto. Yaani hukimbia hatari moja kuelekea nyingine. Madereva hutafuna miraa, nayo huondoa hisia ya usingizi bila kulipa deni la usingizi, tena hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Ulaya sheria humtaka dereva wa gari kubwa apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu. Penye kanuni na pasipo kanuni, usingizi wa dakika 20 kivulini hulinda maisha ya watu wote waliomo garini.

Yapo pia mapumziko ambayo msafiri hayapangi. Mvua ikinyesha milimani, mito mikavu hujaa kwa muda mfupi. Kawalase na Turkwel zimewahi kuufurika mji. Dereva akikuta maji yamefunika barabara, asijaribu kuvuka kwa sababu lori la mbele limevuka. Kusubiri ndiyo safari yenyewe.

Wenyeji wanavyoishi na joto

Mzee wa Kiturkana hutembea na ekicholong, kigoda kidogo cha mbao ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kichwa. Humwinua kidogo kutoka kwenye ardhi inayounguza. Kazi za kutembea hufanyika asubuhi na jioni. Saa za jua kali ni za kivuli cha mti. Msafiri hana haja ya kubuni hekima nyingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Science, uliofanywa na watafiti wa Kenya na wa nje pamoja na jamii ya Waturkana, uligundua kwamba jamii hiyo ina mabadiliko katika eneo la jeni iitwayo STC1, ambayo hufanya kazi kwenye figo na kusaidia mwili kubana maji. Wengi waliopimwa walikuwa na upungufu wa maji kwa vipimo vya kawaida, hali afya zao kwa jumla zikiwa njema. Mambo mawili yafuata. Mgeni asijipime kwa mwenyeji: kijana wa Lodwar aweza kutembea saa nyingi kwa kikombe kimoja cha maziwa, na abiria atokaye Nairobi hawezi, kwa sababu mwili huhitaji wiki 1 hadi 2 kuzoea joto. Na mwenyeji naye ana hatari yake: utafiti wa awali, wa mwaka 2020, uliona kwamba Waturkana waliohamia mijini walikuwa na shinikizo la damu na unene zaidi ya waliobaki wafugaji. Zahanati ya mjini isisahau kuwapima.

Swali la "Umepita wapi?"

Safari haiishii pale gari linapofika. Turkana na Pokot Magharibi ni maeneo ya kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wa mchanga wanaouma hasa jioni na usiku, karibu na vichuguu na vichaka vya migunga. Dalili huja kwa kawaida miezi 2 hadi 6 baadaye: homa isiyokoma kwa zaidi ya wiki 2, kukonda, upungufu wa damu na bandama kuvimba. Wakati huo dereva aliyelala chini ya lori lake karibu na Kainuk yuko Mombasa au Tanga, na muuguzi anayempima malaria kwa mara ya nne hana sababu ya kuwaza kuhusu jangwa, ila akiuliza. Ugonjwa huu usipotibiwa huua karibu kila mgonjwa. Ukitambuliwa una kipimo cha haraka na una dawa, na hospitali ya Kacheliba, Pokot Magharibi, imekuwa kituo cha kuutibu kwa miaka mingi.

Mambo ya kukumbuka

Kwa msafiri: kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo wa safari, lala ndani ya chandarua, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, tembeza miguu kila gari lisimamapo, tunza dawa kwenye mkoba wa mkononi, usimwache mtoto garini.

Kwa mtoa huduma: anayechanganyikiwa kwenye joto apozwe kwanza; mgonjwa wa kudumu apewe ushauri wa safari kabla ya kuondoka; kila mwenye homa aulizwe amepita wapi na amelala wapi katika miezi 6 iliyopita.

Kwa mwenye gari: tangaza vituo mapema, chagua vyenye choo na kivuli, na mwache dereva alale.